Ubao Unaosema Mto Umejaa

Maji yanamfika Ghati Mseti magotini, lakini ubao wa kipimo ulio mbele yake unasema sentimita mia moja na kumi. Anautazama ubao, anatazama miguu yake, anasonya.

"Huu ubao umenifanya mwongo," anasema, khanga ameikunja juu ya magoti.

Ni asubuhi ya Mei, mwaka huu wa 1976, katika kijito cha Kemange, Nyarero, wilayani Tarime. Asubuhi na jioni, mama huyu wa miaka arobaini na minane husoma kipimo cha maji na kuandika tarakimu daftarini. Kazi aliirithi kwa marehemu mumewe, baada ya kujua kusoma katika darasa la watu wazima. Hulipwa shilingi sitini kwa mwezi.

Siku ya kwanza aliambiwa aandike anachokiona kwenye ubao, asitie chumvi. Naye hakutia hata punje, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Miaka mitatu iliyopita, msimu kama huu, ubao ulisoma themanini na maji yakamfika kiunoni. Kisha kijiji kipya kikahamia hapa. Watu walihitaji mapaa, wakafyeka mafunjo ya ukingoni. Walihitaji chakula, wakalima mpaka majembe yakalowa. Mvua ziliponyesha, udongo wote ukateremka mtoni. Tope likajaa chini, likayainua maji, na ubao uliosimikwa palepale ukawa unahesabu tope pamoja na maji.

"Hata paa langu limetoka hapa," Ghati anakiri, na aibu haifichiki. "Mafunjo ndiyo yalikuwa yanashika udongo. Kambare walikuwa wanazaliana humo. Siku hizi ukitupa ndoana, unavua majani tu."

Kinachomnyima raha zaidi ni barua. Ofisi ya maji ya Musoma inayopokea tarakimu zake imeandika kwamba Kemange inaongezeka maji mwaka hadi mwaka, hivyo familia themanini kutoka Itiryo zihamishiwe hapa ifikapo Agosti, kiangazi kikiwa kimekolea. Miongoni mwao ni familia ya binti yake, Rhobi, mwenye watoto sita na ng'ombe.

"Agosti iliyopita tuliteka maji kwa kata," anasema. "Daftari langu linasema sitini. Sitini ya nini? Ya matope!"

Mwenyekiti wa kijiji, Waitara, anateremka hadi ukingoni, viatu vikimeta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Vua viatu uingie."

"Mama, hicho kipimo ni cha serikali. Unataka kusema serikali haijui kusoma?"

"Inajua sana. Kuingia majini ndiyo bado."

Waitara anacheka, lakini viatu havivui. Ghati hana muda wa kubembelezana. Anachukua ufito, anaukandamiza chini kwa uzito wake wote mpaka unagonga mwamba, kisha anauchomoa. Tope limeupaka sentimita sitini na tano. Mwenyekiti anaacha kucheka.

Daftari lina safu moja tu ya tarakimu. Leo Ghati anaandika mia moja na kumi mahali pake, kisha pembeni anaandika arobaini na tano, maji bila tope. Hajawahi kuandika jambo asiloulizwa.

"Watasema umewadanganya miaka mitatu," Waitara anaonya kwa sauti ya chini.

"Waseme. Si ndivyo ilivyokuwa?"

Alhamisi atapanda basi kwenda Musoma na daftari lake na ufito wake, tope likiwa bado juu yake. Ataomba uhamisho usimamishwe, na watu wakatazwe kulima ndani ya hatua thelathini kutoka majini ili mafunjo yaote tena. Anajua huenda akarudi bila kazi.

"Wakininyang'anya, sawa," anasema. "Lakini Rhobi hataletwa kwenye tope kwa mwandiko wa mama yake."