Mlango wa Mama Mkwe

Geita ni mji wa watu wanaovunja mawe. Asubuhi unapishana na wanaume waliotoka kupasua mwamba chini ya ardhi, wamejaa vumbi mpaka kope, wanatafuta chai. Katika mji huo huo, mimi nilikaa siku kadhaa naogopa ukuta wa matofali ya kuchoma.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa chumba cha wageni nyumbani kwangu, na nilitakiwa kutoboa mlango. Si kwa ajili ya kupendezesha nyumba. Nyumba yangu ilishakata tamaa ya kupendeza zamani. Ni kwamba mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Kishapu. Jicho lake moja lilishazima, na la pili lilikuwa limeingiwa na mtoto wa jicho kiasi kwamba alianza kuwatambua ng'ombe wake kwa sauti. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali ya kwetu wiki iliyofuata, na hakuna aliyejua kama wangerudi tena mwaka huo.

Sasa, mama mkwe wa Kisukuma hakutani na mkwilima wake, mume wa binti yake. Hamshikani mikono, hamli pamoja, na mkipishana njiani mmoja anaingia kwenye majani. Mama huyu mimi namfahamu zaidi kwa mgongo. Na nyumba yangu ina mlango mmoja tu, tena chumba cha wageni kinafungukia sebuleni, mbele kabisa ya kiti ninachokalia kutazama mpira. Akatuma salamu kwamba kama hana mlango wake wa kutokea nje, haji. Afadhali apofuke na heshima yake.

Nikajitolea kwenda kulala gesti. Akajibu kuwa hawezi kumfukuza mwenye nyumba nyumbani kwake, usingizi hautakuja. Nikasema basi tumpangie chumba hapo jirani. Mke wangu akaniuliza ni nani atamshika mkono kumpeleka chooni huko alikopangiwa. Hoja zangu zikaishia hapo, ikabaki kumtafuta fundi.

Fundi wangu ni mtu wa dini, maana kila neno lake lina Mungu akipenda ndani yake. Nikimpigia Jumatatu, yuko Buseresere anamalizia kazi ya watu, kesho asubuhi na mapema yuko kwangu. Nikimpigia Jumanne, yuko Chato. Jumatano bado yuko Chato, lakini nyuma ya sauti yake nasikia mashine ya unga ya mtaani kwetu. Mashine ile ina kikohozi chake, hakuna nyingine inayokohoa vile, hata Chato. Nikamuuliza kama wameihamisha. Akasema mtandao unasumbua, akakata.

"Si uvunje mwenyewe?" mke wangu akasema.

Mimi nina duka la vipuri vya pikipiki. Nyundo nimewahi kuzigusa, lakini zikiwa kwenye nailoni, nikimpa mteja. Nikamweleza mke wangu kwa upole kwamba ukuta si kitu cha kuchezea, umebeba paa, una hesabu zake. Nilizungumza vizuri sana. Yeye akaendelea kuchambua mchele.

Nikaingia kwenye simu kujifunza. Nikampata bwana mmoja wa ng'ambo, glavu nyeupe, anatabasamu, anakata ukuta wa nyumba yake kwa msumeno kama anakata mkate. Vumbi hakuna. Akimaliza anapangusa mikono, anaingia mkewe na kahawa. Nilimtazama mpaka bando likaisha, na ujasiri wangu ukaisha pamoja na bando, kwa sababu nilijua ukuta wangu haukuwa wa mbao na mke wangu hakuwa na mpango wa kahawa.

Nikamfuata mzee jirani, mchimbaji mstaafu, mtu aliyetumia nusu ya maisha yake ndani ya maduara, yale mashimo ya dhahabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuhusu ule ukuta."

Mtaa mzima ulikuwa unajua. Akaja na ndoo yake, akaipindua, akakaa, akautazama ukuta kwa muda mrefu.

"Nyumba itadondoka hii," akasema.

Nikamshukuru kwa kunitia moyo.

"Huko duarani hatuchokonoi kitu bila matimba. Magogo ya kuzuia. Anza juu, pitisha mbao ya kubeba, ndipo uvunje chini. Ukianza chini, tutakutoa tukiwa tunaimba."

Kisha akaeleza habari za wenzake wote waliofukiwa, mmoja mmoja, mpaka jua likazama. Usiku huo sikupata usingizi wa maana.

Jumamosi mchana mama mkwe akapiga simu. Mke wangu alizungumza naye kwa Kisukuma huku amenipa mgongo. Alipokata, akasema, "Anauliza kama mlango upo. Kama haupo asihangaike na basi la Jumatatu." Akasubiri niseme kitu. Nikasema fundi ameahidi kesho.

Alitoa kitanda chumbani, akatoa na mikeka, akajifunga khanga kiunoni, kisha akaenda jikoni akarudi na mchi wa kinu. Nilidhani anakwenda kutwanga. Akaupiga ukuta. Akaupiga tena. Plasta ikamenyeka kipande kikubwa kama sinia, na nyuma yake matofali yakaonekana.

Tukasogea wote wawili kutazama. Katikati ya matofali hakukuwa na saruji, kulikuwa na udongo. Udongo mtupu, ule wa kichuguu, unaotoka kwa kidole. Fundi yuleyule, aliyenijengea nyumba hii, aliniandikia mifuko ya saruji kwa mwandiko mzuri kabisa. Miaka yote nimeuheshimu ukuta huu. Nimekataza watoto kuuegemea!

Nilikasirika, na kusema kweli, hasira ndiyo iliyonifanya nishike nyundo. Ujasiri sikuwa nao wakati ule, ulikuja baadaye, wakati kazi imeshakwisha. Nikachora kwa mkaa, nikachonga mfereji juu kwa tindo, nikapitisha vipande viwili vya mbao nene na kuvikaza kwa vigae vya matofali, kama mzee alivyosema. Mzee mwenyewe alikuwa nje juu ya ndoo yake, umbali ambao paa lisingemfikia. Mke wangu alikuwa anazoa kifusi kwa karai. Kila tofali lilipotoka nilitazama juu, na kila mara paa lilikuwa bado liko palepale.

Jumapili baada ya misa tukasimamisha fremu. Mlango nilikuwa nimeununua mtumba, wa kijani, una tundu la kitasa ambacho hakikuwepo. Nilitumia pimamaji kwa uangalifu mkubwa. Nilikuja kugundua baadaye kwamba ile pimamaji ilikuwa imepasuka, maji hayakuwemo. Nikapiga bawaba, nikapiga komeo. Nikaufungua kwa mara ya kwanza, nikasimama kizingitini kifua mbele, nikatazama nje kama mwenye mgodi.

Mbele yangu, hatua chache tu, ulikuwepo mlango wa choo. Na kopo langu la maji likiwa juu ya jiwe lake.

Mke wangu alikuja akasimama nyuma yangu. Alitazama choo, akanitazama mimi. "Kwa hiyo mtakutana hapa kila asubuhi," akasema. "Wewe na kopo lako."

Nyumba nzima niliivunja ili nisionane na mama mkwe, na mlango nikauelekeza mahali pekee duniani ambapo lazima tuonane. Kusogeza mlango haikuwezekana, na choo hakisogei. Kilichobaki kusogezwa ni mimi. Nikachukua kopo langu nikavuka uzio kwa mzee jirani kuomba hifadhi. Akakubali mara moja. Kila asubuhi ya wiki hiyo nilijisaidia kwake, na kila asubuhi nilipotoka alikuwa amekaa kwenye ndoo, ananisubiri, anieleze vile ambavyo ningeweza kufa.

Mama alifika Jumatatu. Nilimwamkia kutoka nyuma ya kona ya nyumba, akaitikia akiwa amenipa mgongo na khanga amejifunika mpaka usoni. Nilimsikia akipapasa fremu kwa mkono, juu mpaka chini, kisha akaingia. Kesho yake wakampasua jicho. Akarudi na bandeji, akalala, na kwa usiku ule mmoja nilitembea ndani ya nyumba yangu kwa ncha za vidole. Nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Kama jicho lile lingezima, asingebaki na lingine.

Alipotolewa bandeji, mke wangu alimrudisha nyumbani kwa bajaji. Nilikuwa sebuleni, nimezima televisheni. Nilisikia hatua zao zikizunguka nyumba, zikasimama mlangoni. Nikatega sikio.

"Mlango huu kautengeneza nani?" mama akauliza, kwa Kisukuma.

"Mkweo, mayu," mke wangu akamjibu mama yake.

"Umelala upande," akasema. "Na huo msumari wa juu haukuingia wote. Kichwa kimepinda."

Nikasikia mke wangu anaanza kulia.

Nilinyanyuka nikachukua nyundo. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiseme vipi, nikataka nitoke mbio nikaukaze ule msumari. Nikafika mlango wa mbele ndipo nikakumbuka kuwa siwezi kwenda upande ule, mama amekaa kizingitini anaota jua, anautazama. Nikarudi kukaa. Msumari ule mpaka leo haujaingia wote, na mtu asithubutu kuugusa.