Nyota ya Kulwa

Doto Machibya, fundi cherehani wa Makanyagio, alizaliwa nyuma ya Kulwa, pacha wake aliyekaa duniani siku saba. Kwao pacha hafi, huruka. Haliliwi, na aliyebaki haangalii njia aliyopita mwenzake, asije akaitwa. Kwa hiyo Nyanzala, mama yake, hakuupenda mchezo wa mwanawe wa kukodolea mbingu macho.

Miaka tisa sasa, kila Februari mawingu yakipasuka, Doto hutoka uani saa mbili usiku na daftari. Upande wa kaskazini, juu ya bati la jirani, hukaa nyota ya manjano iitwayo Kapela. Huilinganisha na nyota nyingine, akaandika tarehe, rangi, uangavu, hali ya hewa na idadi ya watazamaji. Safu hiyo ya mwisho siku zote huijaza "mmoja".

Mwaka huu Mwalimu Helena wa fizikia alimwazima darubini ndogo, akamwambia mambo mawili. Mwanga ule husafiri miaka arobaini na mitatu hivi kufika Mpanda. Tena si nyota moja. Ni mbili, zote za manjano, zinazungukana karibu mno hata darubini ile haizitenganishi.

Doto alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Alimsimulia mama wakiwa wanakula. Tonge likaishia njiani.

"Kwa hiyo mwanga huo ulitoka mlipozaliwa?"

"Mwaka huohuo, mama."

"Na ndiyo kwanza unafika." Akasukuma sahani. "Umekufuata wewe. Usitoke leo."

"Mama nawe! Nyota ina mikono?"

"Na wewe una akili? Unataka niwakose wote?"

Lakini anga ilikuwa safi, na Doto hakuwahi kuruka siku. Alipofungua mlango, mama alimfuata na kigoda, akaketi nyuma yake mlangoni, akajifunika uso kwa kitenge, akakamata pindo la shati lake upande wa kulia kwa mikono yote miwili.

"Haya, tazama. Nimekushika."

Doto akainua darubini. Mbwa wa mtaa walinyamaza. Nyota ilitulia, manjano kama kiini cha yai la kienyeji, moja tu. Ndipo shati likavutwa upande wa kushoto, chini, na vidole vidogo.

"Mama, umehamisha mkono?"

"Sijahamisha."

Hakugeuka. Vidole vile havikuvuta kuelekea kwenye nyota. Vilivuta nyuma, mlangoni, sawasawa na mama.

Akawasha tochi, akaandika: manjano, angavu, hakuna mawingu. Kwenye safu ya watazamaji kalamu ikasita. Mama alikuwa bado amejifunika.

Akaandika "wawili", kisha akakubali kuvutwa ndani.