Bloki Nyeupe ya Fundi Sikio

Langoni mwa gereji yake, Fundi Sikio aliweka bloki ya injini yenye tundu ubavuni, tundu la kupitisha ngumi ya mtu mzima. Aliipaka rangi nyeupe kama kaburi la mtu mwenye uwezo. Kila aliyekuja kuomba gari lake liongezwe nguvu alipelekwa hapo kwanza, akapewa mawaidha.

"Hii ilikuwa ya mjinga mmoja," Fundi alianza kila mara. "Kiwandani waliijengea nguvu za farasi mia na ishirini. Yeye akafunga turbo, akaipeleka mia tatu. Chuma kikamjibu."

Watu walicheka, na Fundi akacheka kuliko wote. Kwa miaka ishirini na sita mjinga yule alizidi kuwa mjinga, maana kila mwaka Fundi alimwongezea upumbavu kidogo ili hadithi inoge. Siku hizi mjinga huyo alikuwa na kitambi na alivaa miwani ya jua usiku. Mke wa Fundi, mshonaji aliyekuwa na chumba chake cha kazi upande wa pili wa ua, alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara mia na hakuwahi kutia neno. Alikanyaga cherehani tu.

Jina la Sikio lilitokana na kazi. Fundi aliigonga bloki ya kila gari kwa spana namba kumi na saba, kichwa kakiinamisha, macho kayafumba, akisikiliza. Ikilia kama kengele, nzima. Ikilia kama chungu kilichopasuka, mwenye gari akatafute nyingine. Alipenda kusema hajawahi kukosea, na alisema kwa sauti ya mtu anayeomba asiulizwe zaidi.

Jumamosi moja asubuhi akaja mkwewe, mume wa binti yake wa kwanza, karatasi mkononi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mwenye adabu mpaka inachosha. Fundi akaiweka sawa kofia yake. Mbele ya mkwe hakuwahi kuivua, kwa sababu alikuwa na upara na aliamini kwamba heshima huanzia kichwani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Gari linasemaje?"

"Linasema limechoka kukaa nyuma ya malori. Nataka turbo iongezwe, baba. Nimepiga hesabu. Tunafika farasi mia mbili na themanini, na bloki tunaiacha hiyohiyo ya kiwandani."

"Mia na sitini, sawa. Mia na themanini, unaibembeleza. Zaidi ya hapo unaitukana, mwanangu, na chuma hakisahau."

Akampeleka langoni, akamsimulia habari za mjinga, kitambi na miwani vikiwemo. Mkwe akasikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Huyo hakupiga hesabu, baba. Kama una kazi nyingi, si neno. Gereji ya kule chini wamekubali kuifanya leo. Kesho tunasafiri kupitia mlimani, mimi na binti yako na mjukuu wako."

Fundi aliogopa. Alitafuta mzaha mwingine, yeye ambaye mizaha haikuwahi kumpungukia, akaukosa. Sikio la kufa halisikii dawa, na dawa hii alikuwa ameitia maji kwa miaka ishirini na sita.

"Hakuna mjinga mwingine," alisema. "Ni mimi."

Mkwe akacheka kidogo, kwa adabu. Fundi hakucheka.

"Niliigonga kwa spana hii hii. Ikalia safi, nikadhani inaniambia niendelee. Kumbe kugonga kunakuambia kama ina ufa leo. Kesho itavumilia nini, hakukuambii. Ilinipa miezi mitatu ya sifa. Barabarani nilivipita vyombo vyote, na akili zangu nikaziacha nyuma. Halafu mlimani, mlima huohuo wako, mkono wa pistoni ukakatika, ukatokea hapo ubavuni. Oili ikamwagika chini ya matairi yetu wenyewe. Gari likazunguka, likaishia mtaroni limeelekea tulikotoka."

"Ulikuwa na nani, baba?"

"Na mama yako mkwe. Akiwa na mimba ya miezi minane."

Mwalimu wa hesabu hakuhitaji karatasi kwa hesabu hiyo. Alilitazama tundu, akalitazama tena, akaingiza vidole vyake ndani polepole na kuvitoa. Kisha akaikunja karatasi yake mara nne.

"Basi malori yatangulie, baba," alisema. "Tutafika tu."

Hapo Fundi akagundua kwamba cherehani imenyamaza. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia shingoni, mkasi mkononi. Fundi alijaribu kutabasamu.

"Umesikia, mama? Leo nimemtaja mjinga mwenyewe."

"Nimesikia. Miaka ishirini na sita namsikia mjinga wako akichekwa hapo langoni," alisema mkewe. "Sijamsikia hata siku moja akiniomba radhi."

Fundi Sikio aliitazama bloki, akamtazama mkwewe. Kisha akavua kofia, akavuka ua.