Alama za Bwana Vrzal

Drahomíra Zourková alipika supu ya utumbo katika kantini ya kiwanda cha nguo, hapa katika mji wetu wa Lhotín, kwa miaka thelathini na mmoja. Mtu ambaye yeye alimdharau kuliko wote alikuwa mteja wake wa kila siku: Bohumír Vrzal, mkuu wa stoo.

Katika chaguzi za zama zile za chama kimoja, Vrzal alikaa mezani na penseli na orodha ya wapiga kura. Raia mwema alipokea karatasi, akaitumbukiza sandukuni mbele ya macho ya watu, akaenda zake. Pazia lilikuwepo pembeni, la mapambo. Mwaka 1976 Drahomíra aliingia nyuma ya pazia, akafuta jina la mgombea pekee, na Vrzal akatia alama orodhani kwenye jina la Drahomíra. Mwaka uliofuata mwanawe Zbyněk, kichwa cha darasa, alinyimwa sekondari, akaishia kuchochea makaa kiwandani. Vrzal aliendelea kuomba aongezewe supu, hana haya hana vibaya.

Chama kilipoanguka, Vrzal alihamia kwa washindi kabla vumbi halijatua. Jana aliwaita watu ndugu, leo bwana na bibi. Juni 1990, kura huru ya kwanza, huyo tena mezani, beji mpya kifuani. Safari hii Drahomíra alikaa ubavuni mwake, msimamizi mwenzake.

"Karibu, bwana; karibu, bibi," Vrzal alimwambia kila aliyekuja. "Pita nyuma ya pazia. Siku hizi ni lazima."

Saa nne asubuhi Drahomíra akachungulia orodha ya Vrzal. Kila aliyepita nyuma ya pazia alikuwa na alama. Yaani wote.

"Bwana Vrzal, hizi za nini?"

Vrzal akautazama mkono wake mwenyewe. "Aa, ni mkono tu, Bibi Zourková. Umezoea."

"Na mimi umenitia alama?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Novemba Vrzal aligombea udiwani. Drahomíra hakutaka kingine ila mtu yule asikalie tena kiti cha kuamua mambo ya watu, akaitangaza habari ya alama nyumba kwa nyumba. Watu walicheka mpaka machozi.

"Mwache mzee wa watu," alisema muuza nyama. "Angalau ofisi anaijua."

Vrzal akashinda kwa kura mia sita na kumi na nne.

Jumatatu, kwenye foleni ya mkate, Drahomíra aliuliza waziwazi, "Nani alimpa kura?"

"Mimi? Bora kura yangu nimpe mbuzi."

"Usinitazame mimi, Drahomíra. Mume wangu naye hakumpa."

"Kwangu hakupata hata moja."

Aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowalisha miaka yote ile. Hakuna aliyeinamisha macho. Dharau aliyomwekea mtu mmoja ilienea foleni nzima, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Drahomíra alitamani kuiona orodha yenye alama.