Gauni la Maulidi Kanisani Mnero

Juzi mwenye duka la vitambaa pale sokoni Nachingwea aliniuliza, huku akikunjua bafta nyeupe mezani, "Ya komunyo, mama, au ya msiba?" Machozi yakanitoka. Ilikuwa ya sanda. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepigiwa simu kwamba rafiki yangu wa utotoni, mtoto wa jirani yetu kule Mnero, amefariki. Nikapanda bodaboda nimekumbatia kitambaa changu, na njia nzima, mwenzangu, nilikuwa mtoto tena.

Nililelewa na bibi. Sisi Wakristo, majirani Waislamu, uwanja wetu mmoja na jiko la nje moja. Msimu wa korosho tuliamka pamoja alfajiri kwenda kuokota, tukinyofoa korosho kwenye mabibo, yale matunda yake ya majimaji, na jioni bibi alizichoma juu ya bati alilolitoboatoboa kwa msumari. Zikishika moto anazimwaga mchangani, moshi unatutoa machozi wote, nasi tunajipaka majivu mikononi ili mafuta ya maganda yasituchubue. Harufu ile! Mpaka leo ikinipitia puani nasimama.

Huyo mtoto wa jirani alikuwa na mdomo, acha tu. Hujaoga vizuri, anakwambia. Umetia chumvi kwenye hadithi, anakukatiza mbele za watu. Nilimpenda, na siku nyingine alinichosha. Mwaka wa komunyo yangu ya kwanza nikapata rafiki mwingine, binti wa mwenye mashine ya kusaga. Huyo sasa alikuwa mtamu! Kila nilichosema alicheka, kila nilichovaa alisifia. Katekista alipotufundisha kulinda mioyo yetu na kuchagua marafiki, binti huyo akaninong'oneza, "Umesikia? Achana na yule, si wa dini yetu."

Neno lilinikaa. Nikamuuliza bibi. Alikuwa anabangua korosho, wala hakuinua kichwa. "Bibo ni tamu, mjukuu wangu, lakini halifiki kesho. Korosho inakuchubua kwanza." Nikaona hajanijibu.

Mkesha wa komunyo gauni langu likatoka kwa fundi, jeupe pee. Bibi alikuwa amekwenda sokoni. Binti wa mwenye mashine akasema nilivae, twende mikoroshoni tukawaringishie wenzetu. Mtoto wa jirani alikuwa anafagia uwanja. "Vua hilo gauni, wewe," akasema. "Bibo halijui komunyo."

"Wivu huo," akacheka yule mwingine, akanivuta mkono tukaenda.

Unayajua maji ya bibo. Yakigusa nguo nyeupe, agana nayo. Tulikuwa tunagombania bibo moja kubwa, likapasuka, likanimwagikia kifuani. Nageuka, rafiki yangu mtamu huyo anakimbia barabarani. "Mimi sikuwepo!"

Mtoto wa jirani alinikuta nalia nyuma ya jiko. Alinisema weee! "Sikukwambia? Si nilikwambia?" Na huku ananisema, mikono yake inasugua doa kwa ndimu, kwa chumvi, kwa majivu. Doa likazidi kuwa kahawia. Hapo akaliacha, akaingia kwao, akatoka na gauni lake la Maulidi, jeupe, la mikono mirefu. "Mama amesema uvae. Ukisogea mikoroshoni na hili, nakuua."

Bibi aliporudi aliyatazama magauni yote mawili, akakaa chini, akalia. Hakunipiga. Alisema tu, "Moyo wako umepata mlinzi. Usimpoteze."

Kesho yake nikapokea Ekaristi ndani ya gauni la Maulidi. Niliporudi kwenye benchi nikamwona nje, dirishani, amevaa lile langu lenye doa, maana nguo yake nzuri ilikuwa moja na nilikuwa nimeivaa mimi. Akanikunjia uso: kaa vizuri.

Siku hizi jiko lile limeanguka, bibi tulishamzika, korosho zinapelekwa ghalani na maganda yake, na watoto hawalijui bati la kuchomea. Binti wa mwenye mashine sijui aliko, wala simlaumu, tulikuwa watoto. Ila yule wa mdomo hakuniacha. Alihamia Ruangwa na mumewe, na kila Jumapili mchana alinipigia. "Umekwenda kanisani, au umelala?" Yeye wa Ijumaa, ananiuliza mimi ya Jumapili! Na nilipotaka kuolewa na mtu ambaye wote walimsifia, ni yeye peke yake aliyeniambia, "Huyo bibo." Nilinuna. Baadaye nilimshukuru Mungu.

Nilipofika Mnero juzi, walikuwa wamemleta azikwe kwao. Mama yake, sasa kikongwe, aliipokea bafta kwa mikono miwili, akaipapasa. "Umeirudisha ile nguo nyeupe, mwanangu," akasema. Tukashikana tukalia.

Jumapili nimetoka kanisani, nikaiweka simu mezani, nikakaa kuingoja. Nimekwenda, dada. Sikulala.