Aliyekaa kwenye Keria ya Loyce

Njia ya zamani ya kutoka Mkalama kurudi Kinyangiri haina haraka na mtu. Inapanda, inashuka, inazunguka majabali yaliyolala kama ng'ombe walioshiba, inapita katikati ya alizeti, inachungulia kijiji kimoja, inajificha tena. Magari yameikimbia. Bodaboda wanasema inakula matairi. Imebaki ya mbuzi, ya upepo na ya baiskeli. Na kuna mteremko pale, kuku akitaga juu, yai likifika chini ni kifaranga tayari, tena kifaranga chenye kizunguzungu. Anayebisha akamuulize kuku.

Njia hiyo ndiyo shamba la Loyce. Kila wiki utamwona, mwanamke mfupi, kitenge amekifunga juu ya suruali ya marehemu mumewe, matenga mawili ya kuku yananing'inia, moja huku na moja huku, katikati ya keria pamebaki wazi pa kukaa mtu. Huenda mpaka Mkalama, kwenye boma la Wajerumani, lile la mawe lenye kuta nene, hapo hugeuza, akirudi ananunua kuku nyumba kwa nyumba. Mwanzoni walimcheka.

"Mama Witness, siku hizi umekuwa mwanaume?"

"Kama uanaume ni kukanyaga pedali," aliwajibu, "basi mlinidanganya miaka yote."

Baiskeli na njia, vyote aliachiwa na Simeoni mumewe. Siku yake ya mwisho Simeoni alifika kwenye boma, akaegemeza baiskeli ukutani, akakaa kivulini apumzike kabla ya kugeuza. Hakuinuka. Wenyeji walidhani amelala, mpaka walipoona kuku wamempanda mabegani naye hawafukuzi.

Sasa, kwenye ukoo wa Raheli, mama yake Simeoni, kuna desturi. Mtu akifia safarini hurudishwa kwa njia ileile aliyoendea, na kila njia panda anayembeba humtaja jina na kumwambia pa kushika. Hapa kulia, hapa kushoto, twende nyumbani. Maiti hajui njia asiyoambiwa. Lakini masika yalikuwa yameikata njia ya zamani, korongo limefurika, na maiti hasubiri korongo likauke. Wakampakia kwenye pikapu, wakamzungusha kwa barabara kubwa, mbio, honi zinalia, wala hapana aliyefungua mdomo kwenye njia panda hata moja. Wakazika. Watu wakala, wakatawanyika.

Raheli peke yake ndiye aliyekataa.

"Mmezika nguo," alisema. "Mwanangu hajafika."

Tangu hapo akaacha chakula cha jioni. Ukimwekea sahani anaisogeza. "Nile vipi na mtoto yuko njiani?"

Loyce alidhani ni uzee na uchungu. Akadhani hivyo mpaka siku alipokuwa akirudi na kuku wake, akaanza kuupanda mlima mrefu wa majabali mawili yaliyopandana, baiskeli ikawa nzito ghafla. Haukuwa uzito wa kuku. Ulikuwa uzito wa mtu. Kuku wote wakanyamaza kwa pamoja, na kuku wa Singida hawanyamazi hata kwenye sufuria.

Aliipeleka kwa Idrissa, fundi baiskeli wa Kinyangiri. Idrissa akaigeuza miguu juu, akazungusha magurudumu, akavuta cheni.

"Mama Witness, hii haiumwi."

"Mbona inanishinda mlimani?"

"Mimi natibu chuma." Akaigeuza tena, akaangalia kipande cha godoro kilichofungwa juu ya keria. Katikati kilikuwa kimebonyea. "Aliyekaa hapa ana makalio mazito. Kamuulize yeye."

Hapo Loyce akajua. Simeoni maisha yake yote alikuwa mtu wa kukanyaga, hakuwahi kupakizwa, na adabu za abiria hakuzijua hata moja. Adabu ya kwanza mtoto wa Kinyangiri anaijua kabla hajajua kunawa uso: mlimani unashuka, unasukuma. Loyce mwenyewe alipoletwa bibi arusi kwenye keria ileile, alishuka kila mlima, gauni mkono huu, viatu mkono huu.

Wiki iliyofuata uzito ulipomrudia palepale mlimani, akasimama.

"Baba Witness! Mimi ulinishusha milima yote na gauni la harusi. Wewe nani? Shuka!"

Hata upepo ulisimama kusikiliza. Kisha keria ikalia kwii, baiskeli ikawa nyepesi, na kitu kikaanza kuisukuma kwa nyuma, taratibu, kwa mkono mmoja, vilevile alivyosukuma Simeoni enzi zake. Loyce akasikia kandambili za tairi zikikwaruza changarawe nyuma yake. Nywele zilimsimama mpaka kitambaa kikainuka kichwani. Hakugeuka. Kileleni akaweka mguu mmoja chini, akasubiri. Keria ikalia tena. Wakateremka. Chini, kando ya njia, kivuli kilichokimbia nao kilikuwa kimoja tu, cha Loyce.

Mtu mwingine angeitupa baiskeli korongoni akakimbia. Loyce akaanza kuoga vizuri siku za safari.

Akawa anamsimulia. Nani kaoa, mbuzi wa nani kala mtama wa nani, Witness anasemaje huko alikoolewa. Simeoni hakujibu, lakini hata akiwa hai hakuwa mtu wa kujibu. Kwenye miteremko baridi ilimkaa Loyce shingoni, kama kiganja cha mtu aliyetoka kuchota maji kisimani, nayo akaizoea, akaipenda.

Ila kila walipofika kwenye njia panda pekee ya njia ile, penye kichuguu, baiskeli ilikuwa nyepesi. Simeoni alishukia hapo. Kulia ni nyumbani, kushoto ni barabara kubwa, na hakuna aliyemwambia ashike wapi. Loyce aliyajua maneno. Ni machache. Kila alipofika hapo aliyameza, kwa sababu akimwambia njia atafika, akifika atalala, na akilala, keria itabaki keria.

Nyumbani Raheli alizidi kukauka, mifupa ya mabega ikawa inasukuma nguo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepita njia ile?"

"Nimepita."

"Hukukuta mtu?"

"Mbuzi tu, mama."

Raheli akamtazama juu hadi chini. "Mbuzi gani hao hata ujipake wanja?"

Safari iliyofuata Loyce alikuwa akirudi, jua bado limesimama, akaona mtu ameketi kwenye kichuguu cha njia panda. Alikuwa Raheli. Ametoka na fimbo yake, amekusudia kwenda kwa miguu mpaka kwenye boma, na miguu imemwishia hapo. Midomo ilikuwa imepasuka kwa upepo.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Kufanya kazi iliyomshinda mke."

Loyce akaruka chini. "Panda nikurudishe. Utafia hapa."

Raheli akaiangalia keria. Akaiangalia kwa muda mrefu, na uso wake, uliokuwa mgumu tangu msiba, ukaanza kulegea.

"Nipande wapi?" akasema polepole. "Si pana mtu?"

Loyce akakaza mikono kwenye usukani. Nyuma yake, kwenye matenga, hakuna kuku aliyepumua.

"Amekonda," Raheli akasema. "Mwambie njia, Mama Witness. Ningeweza ningemwambia mwenyewe, lakini husema anayembeba."

"Nikimwambia, mama, simpati tena."

"Najua."

"Wewe utakuwa na kaburi uani. Mimi nina mlima tu."

"Najua, mwanangu." Raheli akaunyoosha mkono wake mkavu, akamshika kifundo cha mkono. "Nilimzaa, nikakupa wewe, sikukudai kitu. Leo nirudishie, nimlaze."

Loyce akalia hapohapo barabarani, kwa sauti, kama ambavyo hakulia siku ya mazishi. Halafu akajifuta kwa kitenge. Tangu aolewe hakuwahi kumtaja mumewe kwa jina alilopewa na mama yake.

"Simeoni. Simeoni mwana wa Raheli. Hapa tunashika kulia. Twende nyumbani."

Akasukuma. Uzito haukushuka. Ukaipita njia panda, ukaingia nao Kinyangiri. Raheli alitembea ameshikilia tenga, hatua kwa hatua. Mbwa waliingia chini ya vihenge. Mwanaume mmoja aliyekuwa akija na baiskeli yake akashuka, akavua kofia, akasimama kando kama msiba unapita, na walipompita akabaki anaiangalia ile kofia, hajui kwa nini ameivua.

Kaburini, nyuma ya nyumba, tairi la nyuma lilikuwa limekandamizwa hadi rimu inakaribia udongo.

"Umefika," Loyce akasema. "Shuka."

Hakushuka. Walisubiri.

"Shuka, baba," Loyce akarudia, sauti imekuwa ndogo. "Leo si mlima. Ni kwenu."

Keria ikalia kwii. Tairi likavimba taratibu, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Udongo wa kaburi ukadidimia kidogo katikati, kama kitanda kinapompokea aliyechoka, na kuku wote kwenye matenga wakaanza kupiga kelele kwa pamoja.

Raheli akapiga goti, akapapasa ule udongo kama anayemfunika mtoto. Alipomaliza akaegemea fimbo, akainuka.

"Nina njaa," alisema. "Songa ugali wa mtama, na usinipunje."

Loyce akaegemeza baiskeli, akaingia jikoni kuwasha moto. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ukajaa mpaka darini, na hakuna aliyemuuliza analilia nini.