Turubai na Maji ya Chumvi

Mkunga alikuwa mwanamke wa mikono. Miaka thelathini na moja aliinama juu ya vitanda vya wodi ya wazazi, mikono ndani ya maji na damu mpaka viwikoni, na siku alipostaafu hospitali ikampa saa ya ukutani, kana kwamba alichopungukiwa maishani ni saa. Alichotoka nacho hasa ni mgongo mbovu. Akiketi unamchoma, akilala unamwamsha. Sasa, zamani hizo, mama mmoja wa mji wa pwani alikuja kujifungua, na katikati ya uchungu akamshika mkono: "Dada, ingekuwepo bahari hapa ningezaa nikielea. Maji ya chumvi yanambeba mtu, unasahau kama una kiuno." Maneno yale hayakumtoka. Mkunga hakutaka pete wala sherehe. Alitaka kulala chali juu ya bahari mara moja tu, mgongo unyamaze, naye ajue mtu asiyeumwa anajisikiaje.

Tatizo lilikuwa mume.

Huyu mume alikuwa mtunza stoo wa karakana. Maisha yake yote alilinda misumari, nati na makopo ya rangi. Ukimwomba nati moja anakutazama kama umemwomba figo. Rangi ikakaukia makoponi, misumari ikaota kutu kwenye rafu, naye akastaafu na cheti cha uaminifu. Kisha akanunua gari. Wahenga walishamaliza: masikini akipata, matako hulia mbwata. Miezi minane gari lilikaa uani chini ya turubai. Jumapili linafunuliwa, linafutwa, linafunikwa tena kama maiti. Mtaa mzima ukamwita Turubai, naye akadhani anasifiwa.

Mkunga hakumbembeleza. Alimwambia, "Baba, ama tunakwenda baharini na gari lako, ama nakwenda na basi, na majirani nitawaeleza kwa nini."

Turubai aliogopa midomo ya watu kuliko vumbi. Wakaenda.

Safari ya saa tano ikala saa tisa. Mkunga alivuliwa viatu mlangoni kama anaingia ikulu. Vioo havikufunguliwa kwa sababu ya vumbi, na kiyoyozi hakikuwashwa kwa sababu eti kinachosha injini, basi wakaiva humo ndani kama viazi. Kula garini marufuku. Mayai yake ya kuchemsha aliyala amesimama kando ya barabara, malori yakimpulizia moshi. Kila mdudu aliyejigonga kwenye kioo cha mbele alisimamishiwa safari, akafutwa kwa kitambaa, kioo kikakaguliwa kulia na kushoto.

"Baba, trekta limetupita."

"Trekta halina cha kupoteza."

Mkunga akageuka kutazama mashamba. Aliwahi kuzalisha wake za wanaume wa kila namna, walevi, wagomvi, waliozimia mlangoni. Huyu wake hakuwa hata na kosa la maana la kumchukia kwalo. Alikuwa mdogo tu, mdogo kama nati zake.

Jioni jua likiwa bado juu waliingia mjini, mji wa likizo, wenye upepo na rangi nyingi. Watu wawili wawili walikuwa kwenye ukuta wa ufukweni wakijipiga picha, wote wameipa bahari mgongo. Lakini Turubai hakuona watu. Aliona mageti yaliyomomonyoka, nondo za madirisha zilizovimba kutu, mabati mekundu. Jasho likamtoka.

"Unaona? Unaona, Mama? Chumvi! Inakula mpaka chuma cha geti, sembuse bati la gari!"

Akatafuta nyumba ya wageni iliyo mbali kabisa na maji, akaliegesha gari nyuma ya jiko, akalifunika turubai na juu yake shuka la chumbani. Dada wa mapokezi akaja mbio.

"Mzee, hilo shuka ni la kulalia."

"Binti yangu, sisi tutalala hivyo hivyo."

Dada akamtazama Mkunga, Mkunga akatazama mawingu. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vyembamba, feni yenye panga moja lililopinda, na dirisha. Kati ya tangi la maji na ukuta wa jirani ulionekana mstari wa buluu, upana wa kiganja.

"Haya," Turubai akasema akipangusa mikono, "bahari si ile? Tumeiona. Kesho asubuhi tunageuza."

Kule wodini Mkunga alijifunza kwamba mtu mpumbavu hajibiwi, anazungukwa.

Asubuhi alimkuta nyuma ya jiko na ndoo, anaosha magurudumu kwa maji baridi, amekwishapanga mabegi. Mkunga akavaa gauni lake la zamani la kazi, akampita bila salamu, akashika njia ya ufukweni. Turubai akaacha ndoo, akamfuata anahema. Mchanga ulipoanza, akasimama. Mchanga unaingia kwenye soli, soli inaingia garini.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Nilikokusudia."

"Ukilowa, huingii kwenye gari langu! Nakuapia!"

Wauza maji ya kunywa wakageuka. Mmoja akacheka, "Mzee, lete na gari lioge!"

Mkunga akaingia. Maji yakamfika magotini, kiunoni, gauni likavimba kama puto. Hakujua kuogelea, alijua tu maneno ya yule mama. Akashusha pumzi, akajilaza taratibu, kama alivyowalaza wengine maelfu. Masikio yakazama, dunia ikanyamaza. Wimbi likamwinua, likamshusha. Alisubiri maumivu kama mtu anayesubiri mdai mlangoni. Hayakuja. Akasubiri tena. Hayakuja. Machozi yakamtoka na kuchanganyika na chumvi bila mtu kujua.

Alipoinua kichwa, Turubai alikuwa bado pale mpakani mwa mchanga, viatu vinang'aa, anapunga funguo.

"Nakupa dakika kumi!"

"Baba," Mkunga akaita, sauti ile ya wodini inayosikika mpaka barazani, "miaka thelathini na moja nimewaambia watu wasukume. Leo mimi sisukumi kitu, wala sisukumwi. Nenda na gari lako."

"Nitakwenda kweli!"

"Nenda polepole. Trekta lisikupite tena."

Akaenda. Alikwenda kweli, limbukeni wa watu, na begi la mkewe akaliacha mapokezi, limefutwa mchanga ambao halikuwa nao.

Mkunga alibaki mpaka Jumanne. Kila asubuhi alielea, kila adhuhuri alilala usingizi ambao hakuwahi kuupata tangu ujana wake, kisha akapanda basi, madirisha wazi, akala mayai yake ameketi. Nyumbani alimkuta Turubai amesimama mlangoni na tambara mkononi. Alikuwa na siku tatu za kutafuta neno la kumwambia mkewe. Alichopata ni hiki:

"Umekauka?"

Mkunga akamtazama kuanzia viatuni mpaka utosini, na haikumchukua muda mrefu.

"Bado," akasema. "Jumamosi narudi. Sogea nipite."

Akasogea.